Bibi yuko Tanga, wajukuu wako England: afisa ustawi aandike nini?

Swali: Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja mkoani Tanga. Nimeletewa barua kutoka wizarani pamoja na ombi la Uingereza. Watoto wawili, mmoja ana miaka minane na mwingine mitatu, wako kwenye malezi ya kambo kule, yaani wanalelewa na mlezi aliyewekwa na halmashauri. Mama yao, Mtanzania, anaugua afya ya akili, na mwanaume aliyekuwa akiishi naye alikuwa akimpiga mbele yao. Mahakama inataka kujua kama bibi mzaa mama anaweza kuwalea hapa kijijini. Fomu inauliza kila mtoto atalala chumba gani peke yake, bibi ana kipato gani kwa mwezi, na kama anajua kuweka mipaka. Bibi ni mtu mwema, ila anaamini binti yake amerushiwa majini. Kaka yake bibi naye ananiambia watoto ni damu yao, niandike vizuri warudi. Nikiandika ukweli wote naogopa wataona bibi hafai. Nikiuficha nitakuwa nimedanganya mahakama. Nifanyeje?

Jibu: Dada, andika yote, majini yakiwemo. Ukweli ukiandikwa kwa kina utamsaidia bibi kuliko sifa. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam, kisha katika halmashauri moja ya kaskazini mwa England, kwa hiyo fomu za namna hiyo nimezituma na nimezipokea. Kitu kinachowaangusha maafisa wetu wengi ni kuandika kana kwamba msomaji wa taarifa ni wizara. Msomaji wako ni jaji ambaye hatakanyaga kijijini kwako, na pembeni yake kuna mawakili watakaoisoma sentensi moja moja.

Kule halmashauri ikiona watoto wako hatarini hufungua shauri katika Mahakama ya Familia. Sheria ya mwaka 2014 inataka shauri hilo liishe ndani ya wiki 26 tangu lilipofunguliwa. Jaji anaweza kuongeza muda, si zaidi ya wiki nane kwa mara moja, tena akiona hakuna njia nyingine. Jina la bibi wa ng'ambo mara nyingi hutajwa wakati shauri limeshafika katikati, halafu barua inapita kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, inashuka mkoani, inafika kwako wiki zikiwa zimeliwa. Tafuta leo tarehe ya kusikilizwa. Kama haimo kwenye barua, iulize kwa kupitia kwa Kamishna, na uombe ruhusa ya maandishi ya kuwasiliana moja kwa moja na afisa mwenzako wa kule. Mara nyingi maombi haya hupitia mtandao wa International Social Service, shirika lililoanzishwa mwaka 1924 lenye makao Geneva. Tawi lake la Uingereza linaitwa Children and Families Across Borders. Ukikuta jina hilo kwenye karatasi zako, hao wanajua shida zako na watakujibu.

Sasa jaji anatafuta nini? Sheria ya Watoto ya England ya mwaka 1989 inasema halmashauri haiwezi kumpeleka mtoto aliye mikononi mwake akaishi nje ya nchi bila idhini ya mahakama. Pamoja na kuangalia ridhaa ya mtoto mwenye umri wa kuelewa na ya wenye haki za uzazi, jaji lazima aridhike kwamba kuishi huko ni kwa maslahi ya mtoto, na kwamba mipango ya kumpokea na kumtunza kule anakokwenda imeshafanywa. Hilo la mipango hana wa kumjibu isipokuwa wewe. Sheria hiyohiyo inamtaka apime matakwa na hisia za mtoto kulingana na umri wake; mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya elimu; atakavyoathirika kwa kubadilishiwa maisha; umri, jinsia na asili yake; madhara aliyoyapata au anayoweza kuyapata; na uwezo wa mzazi au mlezi mwingine. Jaza fomu waliyokupa, lakini ambatanisha taarifa yako ya uchunguzi wa kijamii iliyopangwa kwa mambo hayo. Jaji ataitambua mara moja.

Tukirudi kwenye maswali yaliyokukera: usiyasome kama dharau. Nyuma ya kila swali kuna hofu, na unachotakiwa kukijibu ni ile hofu. Chukua la chumba. Viwango vya malezi ya kambo vya England vinataka mtoto aliyezidi miaka mitatu awe na chumba chake, na pale isipowezekana pawe na maelezo ya kulala pamoja kutakavyokuwa salama. Hofu hapo ni ukatili wa usiku, hasa wa kingono. Ukijibu kwamba nyumba ina vyumba vitatu, hujamwambia kitu. Ukijibu kwamba kwa mila zetu watoto hulala pamoja, umezidi kumtia wasiwasi. Mwonyeshe usiku wa nyumba ile. Kwa mfano:

"Bibi analala na mjukuu wa kike wa miaka tisa kwenye kitanda cha futi tano kwa sita, chenye chandarua. Chumba cha pili ni cha binti yake wa mwisho, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Cha tatu, kilicho karibu na mlango wa nje, ni cha mjukuu wa kiume wa miaka 15. Choo kiko uani na hakina taa. Bibi anasema wajukuu wakija watalala chumbani kwake, kitanda cha pili kitawekwa chini ya dirisha, na anayeamka kumpeleka mtoto chooni usiku ni yeye au binti yake. Nilimuuliza mjukuu wa miaka tisa peke yake, naye alieleza hivyohivyo."

Umeona yule kijana wa miaka 15 nimemtaja? Ukimwacha nje, wakili atauliza alikuwa wapi, na kuanzia hapo kila ulichoandika kitatiliwa shaka. Ongea naye pia. Na nenda nyumbani zaidi ya mara moja, angalau mara moja jioni watu wakiwa wanapika. Afisa wa serikali akifika saa nne asubuhi na daftari, bibi atatandika mkeka mpya na kuitikia ndiyo kwa kila swali.

Kipato ni vilevile. Hofu yao ni kwamba pesa zitakwisha, malezi yavunjike, watoto wahame tena. Eleza mwaka wa bibi: miti ya machungwa inampa nini msimu ukiwa mzuri na nini ukiharibika, binti mwalimu anachangia nini, mwana wa Dar anatuma nini. Omba kuona taarifa za M-Pesa za miezi kadhaa badala ya kuandika kwamba familia husaidiana. Kama mwana hutuma akipata tu, andika kwamba hutuma akipata tu. Na uwaulize wenzako wa England kwa maandishi kama halmashauri yao itatoa posho yoyote, kiasi gani na kwa muda gani, ili kaka mtu na ukoo wasijenge matumaini juu ya kitu ambacho hakijaahidiwa.

Niseme wazi jambo ninaloliamini kuliko mengine yote hapa: utamaduni si ushahidi. Mwaka 2014, kule Melbourne, wanataaluma wetu wa dunia nzima walipitisha fasili ya kazi yetu inayotaja maarifa ya wenyeji, na ajenda yao ya 2020 hadi 2030 ilianza na kaulimbiu ya Ubuntu, yaani mtu ni mtu kwa watu. Nililifurahia hilo, na bado nalifurahia. Lakini jaji hawezi kumkabidhi mtoto kwa Ubuntu. Anamkabidhi kwa mtu mwenye umri fulani, goti linalomsumbua, na jirani anayeitika akiitwa usiku. Ubuntu ikiwepo katika nyumba ile itaonekana kwa majina ya watu na kazi zao.

England ilijifunza hili kwa kifo cha mtoto. Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire mwaka 1991. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha Ulaya, mpango ambao kwetu hakuna asiyeujua. Alipitia Ufaransa, akafika London mwaka 1999, na Februari 2000 akafa akiwa na miaka minane, mwili wake ukiwa na majeraha 128. Shangazi yule na mwanaume wake walifungwa maisha. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa taarifa yake Januari 2003, ulieleza kwamba mtoto alikuwa akisimama wima kama askari mbele ya shangazi, na afisa aliyeshughulikia suala lake akachukulia kwamba ndiyo heshima ya familia za asili ile. Wazazi wake walipoulizwa walisema nyumbani hakuwa akisimama namna hiyo. Afisa aliuheshimu utamaduni aliokuwa amejitungia kichwani, na hofu ya mtoto ikampita mbele ya macho. Wewe uko katika hatari hiyohiyo, kwa sababu bibi ni wa kwenu na unampenda.

Majini, basi. Yaandike, halafu usiishie hapo. Imani ya bibi haimuumizi mtoto. Kinachoweza kumuumiza ni hatua atakayoichukua kwa sababu ya imani hiyo. Mtoto wa miaka minane aliyeshuhudia mama yake akipigwa huenda akaja na jinamizi, kukojoa kitandani, kukaa kimya siku nzima. Mwulize bibi taratibu, kwa Kibondei kama ndiyo lugha anayojiachia: mjukuu akipiga kelele usiku, utasema ana nini? Utaanza kwenda kwa nani? Binti yako alipoanza kuumwa mlimpeleka wapi? Unaona vibaya akimeza dawa za hospitali? Kama jibu ni dua na kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji na kunywewa) huku mtoto akipelekwa pia hospitali ya Bombo, andika hivyo. Kama ni chale za wembe, kufungiwa ndani au kupigwa ili kiumbe kitoke, hapo una hatari ya kweli, na hutaimaliza kwa kuiita mila. Wenzako wa England wakisoma neno majini watashtuka, na wana sababu. Siku ya Krismasi mwaka 2010 Kristy Bamu, kijana wa miaka 15 wa familia ya Kikongo, aliuawa London na dada yake na mpenzi wa dada huyo, waliomtuhumu uchawi. Miaka miwili baadaye serikali yao ikatoa mpango wa taifa kuhusu ukatili wa watoto unaohusishwa na imani. Kwa hiyo wape tofauti iliyo wazi kati ya bibi anayesoma dua na mtu anayemtesa mtoto, na uwape maneno ya bibi mwenyewe kwa Kiswahili kama alivyoyasema, tafsiri ikiwa chini yake. Ukiyaficha, mjukuu atayasikia kwenye simu ya kwanza ya video na kumsimulia mlezi wake wa kambo. Taarifa yako yote itaanguka siku hiyo.

Kuna jambo ambalo fomu haikuuliza na wewe hukulitaja: fimbo. England ilipiga marufuku viboko katika shule za serikali miaka ya 1980. Kwetu kanuni za elimu bado zinaruhusu, kwa masharti, visizidi vinne na kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Watoto hawa wameishi wakimwona mama yao akipigwa. Mwulize bibi mara ya mwisho alimchapa nani, kwa kosa gani, kwa kitu gani. Usimuulize kama anachapa, atasema hapana. Kisha nenda shule watakayosoma, ukae na mwalimu mkuu, umweleze bila kutaja siri za familia kwamba kuna watoto ambao fimbo itawarudisha walikotoka, na uandike alichokubali na alichokataa.

Swali la mipaka, ambalo nadhani ndilo lililokuchanganya zaidi, linauliza jambo zito kuliko yote: je, bibi anaweza kumkatalia mwanawe? Fikiria binti amepata nafuu kidogo, amepanda ndege, amefika usiku analia kwamba anawataka wanawe, na nyuma yake yupo mwanaume yuleyule. Bibi atafanya nini? Katika tathmini za ndugu hapa ndipo penye uzito, Tanga hata Leeds. Bibi wengi hujibu kwamba hilo haliwezi kutokea, au kwamba mtoto hawezi kumdhuru mama yake. Usilichukue hilo kuwa jibu. Mpe muda, rudi siku nyingine, msimulie tukio hilo hatua kwa hatua. Mwulize pia anajua nini hasa kilichotokea kule. Inawezekana ukoo umeambiwa watoto walichukuliwa na serikali kwa sababu mama alikuwa mgonjwa tu, na habari za kipigo hakuna aliyezisema. Bibi hawezi kuwalinda watoto na kitu asichokijua. Omba ruhusa ya kumweleza, na usimweleze kabla hujaipata, kwa kuwa karatasi za mahakama ile ni siri. Hizo hazipigwi picha zikapita WhatsApp hata kwa bosi wako.

Kaka mtu mpe shikamoo yake na umsikilize, maana watoto wakija naye atakuwa babu yao na neno lake litasikika. Lakini mpe kazi. Itisha kikao cha ukoo. England wanakielewa kikao cha namna hiyo kuliko unavyodhani: wamekichukua kutoka New Zealand, ambako sheria ya mwaka 1989 ililipa ukoo nafasi ya kukaa na kupanga malezi ya mtoto, kwa kufuata desturi za Wamaori. Andika muhtasari wenye majina, uhusiano wa kila mtu na watoto, na alichoahidi: nani atampeleka mtoto shule, nani atalala pale bibi akilazwa, nani atawachukua kabisa bibi akifariki kabla hawajakua. Eleza undugu kwa ukamilifu. Baba mdogo wa tumbo moja na baba mdogo wa ukoo hawana uzito mmoja mbele ya jaji. Wasaini wote. Kaka mtu akisaini kwamba atatoa gunia la mahindi kila msimu, hilo ni jambo la kuandika. Akisema tu kwamba damu ni damu, liandike pia, kama msimamo wake.

Na maswali yasitoke upande mmoja. Hujaambiwa watoto hawa ni watu wa namna gani. Wanajua Kiswahili? Yule mdogo amewahi kumwona bibi hata kwenye simu? Wana pumu au ugonjwa wowote wa kuhitaji dawa ambazo zahanati ya kijiji haina? Wamekaa na mlezi wao wa kambo muda gani, na wanamwitaje? Mkataba wa Haki za Mtoto, katika kifungu cha 20, unataka asili ya mtoto, dini, utamaduni na lugha yake vizingatiwe, na hilo ni nguvu kwa bibi. Kifungu hichohicho kinataka pia malezi yasikatikekatike, na mtoto wa miaka mitatu ambaye hajui nyumba nyingine zaidi ya ile ya kambo ana hoja yake hapo. Mapendekezo ya watoto wawili si lazima yafanane, ingawa moyo wangu huwa unagoma kuwatenganisha ndugu. Omba wapange simu za video kati ya bibi na watoto kabla ya kuamua, nawe uwepo chumbani uandike ulichokiona.

Upande wa sheria nitapita haraka. Tanzania haijajiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1996 kuhusu ulinzi wa watoto, kwa hiyo amri ya jaji wa England haitashika nguvu hapa yenyewe. Itabidi bibi apate amri ya hapa, katika Mahakama ya Watoto iliyoundwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zungumza na mwanasheria wa halmashauri mapema. Uhamiaji nao waulizwe watoto wataingia kwa hati gani, maana sheria yetu inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili lakini si mtu mzima.

Katika ukurasa wa mwisho toa pendekezo lako kwa jina lako, kisha andika ofisi yako itafanya nini watoto wakifika: nani atawatembelea mwezi wa kwanza, mara ngapi, kwa usafiri gani. Kama huna pikipiki wala mafuta, andika kwamba huna, na kwamba ukiwezeshwa utakwenda. Jaji akijua mapema anaweza kuiuliza halmashauri ya kule kama itagharamia. Asipojua ataamini ahadi ambayo hutaitekeleza. Cheti cha polisi cha tabia njema cha bibi na cha watu wazima wote wanaolala nyumba ile anza kukifuatilia wiki hii, kwa sababu alama za vidole na safari za Dar ndizo zitakazokuchelewesha kuliko hayo mengine yote.